Tani za jahazi si tani za saruji

Mhariri,

Chombo kikizama huku pwani, magazeti huandika "jahazi la tani 20" na kuishia hapo. Mimi ni fundi wa vyombo, Matondoni, kisiwani Lamu, na habari hizo hunisikitisha kwa sababu zinawapotosha watu wenye mizigo.

Tani hiyo ni ya usajili tuliyoirithi, kipimo cha nafasi, si cha uzito: futi za ujazo 100, yaani mita za ujazo 2.83 hivi. Ijaze nafasi hiyo makaa, haifiki tani moja ya mizani. Ijaze mifuko ya saruji, unakaribia tani nne. Ndiyo maana mwenye saruji huchungulia tumboni, akaona pako wazi, akasema, "Ongezeni, bado hakijajaa." Kumbe kimejaa zamani! Cha kutazama ni ubavu uliobaki juu ya maji. Uingereza iliweka sheria ya alama ya ubavuni, ya kuonyesha mwisho wa kupakia, mwaka 1876, baada ya mbunge Samuel Plimsoll kuwapigania mabaharia kwa miaka. Mimi kila ninapokabidhi chombo humwonyesha nahodha ubao ambao maji hayapaswi kuupita, tena mbele ya tajiri mwenye chombo, asije akasema hakuambiwa.

Urefu nao huandikwa ovyo. Hanamu ya jahazi, gogo la mbele linalopasua maji, imelala mbele, hivyo mkuku (uti wa chini wa chombo) wa futi 30 huweza kuzaa chombo cha futi 40 ukipima omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Mwandishi kaandika upi? Na mwendo hufuata urefu ulio ndani ya maji: futi 36 majini, chombo kizito hakivuki sana maili 8 za baharini kwa saa, hata tanga liwe kubwa namna gani.

Wateja nao wananisumbua kwa hesabu hii. Mtu anataka chombo kama cha jirani, ila kizidi kwa robo: urefu, upana na kina. Bei anataka iongezeke robo pia. Hesabu, bwana: 1.25 mara tatu kwa yenyewe ni 1.95. Tumbo limekuwa karibu maradufu, na mzigo wa kulijaza vilevile. Halafu kina kikiongezeka, penye maji mafupi anasubiri mpaka maji yajae, wakati jirani ameshapita.

Naomba waandishi wako wakifika bandarini waulize urefu wa omo hadi tezi, urefu wa mkuku, upana, kina cha majini na ubavu uliokuwa umebaki nje siku ile. Waulize pia kilipakiwa nini, kwa kilo. Nahodha anayajua hayo, na asipokuwepo, fundi aliyekiunda anayajua.

Fundi wa majahazi,
Matondoni, Lamu