"Naomba kama ile ile": kwa nini huwa tunasema hapana

Karibu kila wiki kuna mteja anatutumia picha ya kazi ya sanaa ambayo tulishaiuza, anaandika naomba kama hii hii ila iwe kubwa kidogo. Tukimjibu haiwezekani wengine wanahisi tunaringa au tunatafuta namna ya kupandisha bei. Hapana jamani. Ngoja nieleze hizi kazi zinavyozaliwa, manake mtu akishalijua hilo anaweza kuagiza kitu kizuri kuliko hicho alichokiona kwenye simu.

Sisi tunafanya sanaa ya kuchanganya vitu, yaani rangi, karatasi, kitambaa, uzi, picha, mbao, bati, chochote kinachokubali kukaa juu ya ubao. Anayechora kwa rangi tupu, rangi ikimwishia ananunua kopo lingine la namba ile ile anaendelea. Kwangu kipande kikiisha kimeisha. Ile kazi ya bluu ambayo ndo inaulizwa kuliko zote, pale katikati kuna karatasi ya ndani ya bahasha, zile bahasha zenye vijistari vya bluu ndani ili barua isisomeke kwa nje, nilikaa nayo kwenye droo kama miaka mitatu hivi sijui hata naiwekea nini. Siku moja nikaiweka tu mezani ikakaa karibu na kipande cha jinzi iliyopauka gotini, na ule upaukaji wa goti na vile vijistari vikapendana hapo hapo. Kazi nzima ilianzia hapo. Sasa lile goti nitalipata wapi tena?

Na watu wanaofanya sanaa hii ndivyo walivyoishi tangu zamani, kitu kinaanza, wazo linafuata. Mwaka 1912 mchoraji Picasso alibandika kwenye mchoro kipande cha kitambaa cha kufunikia meza kilichochapwa mfano wa kiti cha kusuka, halafu pembeni akazungushia kamba badala ya fremu. Kurt Schwitters wa Ujerumani alikuwa anaokota tiketi na karatasi zilizotupwa, na jina Merz alilolipa sanaa yake lilitoka kwenye kipande tu cha tangazo la benki alichokikata. Mark Bradford wa Marekani alikulia kwenye saluni ya mama yake, na vile vikaratasi vyembamba vya kuviringishia nywele ndo akaja kuvipanga kwenye kanvasi kubwa kubwa. Wangechi Mutu, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1972, ana kolaji, yaani picha za kubandika vipande vipande, ambazo sura za wanawake zimejengwa kwa picha za majarida juu ya michoro ya zamani ya vitabu vya tiba, ukisogea karibu unakuta mdomo umetoka tangazo moja na jicho limetoka lingine kabisa.

Ila anayenigusa zaidi ni El Anatsui. Ni Mghana aliyezaliwa mwaka 1944, akafundisha miaka mingi sana chuo kikuu cha Nsukka kule Nigeria. Mwishoni mwa miaka ya 1990 akaokota mfuko wa vifuniko vya chupa za pombe. Akaanza kuvikunja, kuvibonda viwe bapa na kuviunganisha kwa waya wa shaba, vimoja vimoja, mpaka vikawa kama shuka kubwa la bati linaloning'inia na kujikunja kama nguo. Na hakuna namna moja tu ya kuzitundika, wanaoandaa onyesho wanaachiwa wazikunje na kuzilaza wanavyoona, hivyo kazi ile ile ikihamia ukuta mwingine inaweza kuwa na sura nyingine. Mimi nikifikiria mtu kuomba "kama ile ile" namkumbuka yeye.

Kwa hiyo badala ya kurudia tunafanya hivi: wewe lete vitu vyako. Kuna dada mmoja alileta shati la marehemu baba yake, mfukoni mlikuwa na doa la wino wa kalamu na alikuwa ameshalifua mara mbili litoke. Nikamwambia dada usilifue tena, hilo doa ndo picha yenyewe. Mfuko ule tuliushona juu ya ubao kama ulivyo, na rangi zote zilizobaki nikazitoa kwenye lile doa.

Kuna mambo ya kujua lakini. Karatasi ya gazeti inageuka njano halafu inakatika, kwa sababu mti wake haujasafishwa vizuri na kile kinachobaki ndani kinachachuka kikipata mwanga na hewa. Risiti za mashine ndo mbaya kabisa, hazina wino, maandishi yanatokea kwa joto na yanafutika yenyewe. Nilijifunza kwa uchungu, kazi yangu moja ya mwanzo ilikuwa na risiti kumi na kitu na sa hivi ni vikaratasi vyeupe tu vimebandikwa. Siku hizi risiti, barua na picha za familia tunazichapa upya kwenye karatasi isiyo na asidi, tunatumia hiyo nakala, na ile yenyewe unarudi nayo nyumbani. Gundi ya utepe na ile ya mpira hatugusi, zinakauka, zinaacha alama ya kahawia na kipande kinabanduka. Tunatumia gundi nyeupe isiyo na asidi au ile ya akriliki, tabaka jembamba, halafu kinakandamizwa chini ya mbao mpaka kesho yake, ukikiharakisha kinajikunja kingo.

Fremu nayo inabidi iwe ya kina, kioo kisiguse vifungo wala uzi. Na usiitundike ukuta unaopigwa na jua moja kwa moja, kitambaa kinapauka hata kabla ya rangi.

Ukija usichambue sana nyumbani. Vile unavyoona havina maana, ufunguo wa mlango usiokuwepo tena, kifungo kimoja, kamba ya kiatu, weka vyote kwenye mfuko uje navyo, tutavimwaga mezani tuviangalie pamoja.