Saratani ya ini: kuziba kwanza, kisha kuchoma

Mhariri,

Nimechoka kusikia kwamba mgonjwa wa saratani ya ini asiyeweza kupasuliwa "arudishwe nyumbani akapumzike". Mimi ni mtaalamu wa mionzi, na naomba nafasi niseme kidogo.

Ini hupata sehemu kubwa ya damu kutoka kwenye mshipa unaotoka utumboni, na iliyobaki huletwa na ateri. Uvimbe wa saratani hutegemea zaidi hiyo ateri, na hapo ndipo daktari anapoutega. Huingiza mrija mwembamba kwenye kinena, huku mgonjwa akiwa macho na amepigwa ganzi hapo tu. Huuongoza kwa picha za eksirei hadi kwenye tawi linalolisha uvimbe, humwaga dawa, kisha huziba njia. Mbinu ya pili ni sindano inayopenya ngozi na kuuchoma uvimbe kwa joto.

Sindano peke yake hufanya kazi vizuri uvimbe usipozidi sentimita 3. Ukizidi hapo, damu inayopita jirani hupooza joto, sawa na kupasha pasi ya mkaa huku mtu anainyunyizia maji. Kuziba peke yake nako mara nyingi huacha chembe hai. Ukiziba kwanza, moto hauna tena wa kuupooza. Katika utafiti wa China uliochapishwa 2013, kwa uvimbe usiofika sentimita 7, waliokuwa hai baada ya miaka 4 ni takriban 62 kati ya kila 100 waliotibiwa kwa njia zote mbili, na 45 kwa waliochomwa tu.

Wataalamu wa tiba radiolojia, yaani madaktari wanaotibu kwa mrija na sindano wakiongozwa na picha, sasa wanafundishwa hapa hapa Muhimbili. Bado wachache, sawa. Ila kinachoniuma zaidi ni wagonjwa kufika macho yakiwa ya njano na tumbo limejaa maji, baada ya miezi ya kumeza dawa za vidonda vya tumbo. Ini likishachoka hivyo, kuliziba ni kulimaliza.

Mtu anachangia damu, anakutwa na homa ya ini B, ambayo inaweza kuzaa saratani hii, anaambiwa asichangie tena. Basi, hakuna zaidi. Naomba Wizara ya Afya iagize mtu huyo apelekwe kwa daktari siku hiyo hiyo. Akionekana yumo hatarini, hasa ini likiwa limeanza kusinyaa, apewe tarehe ya ultrasaundi kila baada ya miezi 6, iandikwe kwenye kadi yake.

Msomaji wako,
Dar es Salaam