Mwanangu, chungulia uvunguni kwanza

Mwanangu mpendwa,

Hujambo? Sisi huku tuko salama. Nairobi kuna kibaridi cha asubuhi tu, ambacho wewe sasa hivi ukikisikia utakicheka.

Picha ulizonitumia za yale magari matatu, ili nikusaidie kuchagua la kununua, nilizitazama nikiwa dukani, na wateja wa Kirinyaga Road wakatoa maoni bila kuombwa. Wote walisema Forester, ile ya Subaru. Ungetarajia nini? Kijana wa hapa akishika pesa ya kwanza anawaza Subaru. Lakini wao si watakaotoka alfajiri huko Minneapolis, Marekani, kuelekea zamu ya hospitali barabara ikiwa barafu tupu. Basi nisikilize mimi ninayewauzia spea.

Umeniambia una dola 8,000. Usizimalize kwenye gari. Tafuta gari la 7,000 au chini yake, zinazobaki ziwe za tairi nne za theluji, na ukiweza, rimu zake za chuma ili kubadilisha kusiwe na usumbufu kila Novemba na kila Aprili. Najua unataka gari la kuvuta magurudumu manne, na sikukatazi. Ila ujue kazi yake: linakusaidia kuondoka na kupanda kilima. Ukikanyaga breki, kila gari lina magurudumu manne yanayofunga breki, hata kile kivitz cha jirani yetu. Kusimama na kukata kona ni kazi ya tairi. Si umeziona Prado zimekwama Kitengela wakati wa masika, tairi zimejaa ule udongo mweusi mpaka hazina meno tena? Injini inanguruma, gurudumu zote nne zinazunguka, na gari liko palepale.

Mpira wa tairi ya kawaida huanza kukakamaa joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi. Wa theluji umechanganywa kwa namna ya kubaki laini. Utaitambua kwa alama ubavuni: mlima wenye vilele vitatu, na ndani yake chembe ya theluji. Herufi M+S, yaani tope na theluji, pekee hazitoshi, maana hizo mtengenezaji hujiandikia kwa kutazama umbo la meno. Usikubali kuuziwa mbili. Na usome tarakimu nne za mwisho baada ya maandishi DOT: 3519 ni wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji akikwambia tairi ni mpya, inama usome.

Sasa magari yenyewe.

Ile pikapu, Tacoma ya 2003, imempendeza baba yako. Yeye akiona Toyota yenye karoseri hana la kuongeza. Mimi naikataa. Kwanza, ile haina difu ya katikati, kifaa kinachoziachia eksli ya mbele na ya nyuma zizunguke kwa kasi tofauti. Ukiiweka kwenye magurudumu manne juu ya lami kavu, eksli ya mbele na ya nyuma zinavutana kila unapokata kona, na gia boksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, ndiyo inayoumia. Barabara za mjini hupigwa chumvi, kwa hiyo utakuta lami kavu hapa na barafu pale, na wewe kazi yako itakuwa kuhamisha gia. Pili, nyuma ni nyepesi. Wenyeji huko hupakia mifuko ya mchanga ili ishike barabara. Tatu, na hili ndilo kubwa, chasisi za Tacoma za miaka hiyo zinajulikana kwa kuoza. Toyota yenyewe ilibadilisha nyingi kwa gharama yake. Kama hii haikuwahi kubadilishwa, mwachie mwenyewe.

Forester ya 2009 ni gari zuri kwa theluji, siwezi kudanganya. Inavuta magurudumu yote kila wakati bila wewe kugusa kitu. Lakini ile injini ya lita 2.5 ya miaka hiyo naijua vizuri mno, gasketi zake za silinda hedi zimenisomeshea watoto. Huvujisha nje, polepole, mafuta au maji ya rejeta. Injini ikishapata moto, nusa kwenye boneti: harufu tamutamu ni ya maji ya rejeta. Kisha chungulia chini, pale hedi inapokutana na bloku, kama pana jasho la mafuta. Halafu uulize mkanda wa taiming. Unabadilishwa maili 105,000, na hii imesoma 112,000. Akisema ulibadilishwa, mwombe risiti. Mkanda huo ukikatika, vali zinagonga pistoni na injini imekwisha. Tena nimeona pichani tairi mbili za mbele ni mpya na za nyuma zimelika. Kwa Subaru hilo si jambo dogo. Mizunguko ya tairi ikipishana zaidi ya milimita 6 hivi, ile klachi inayogawa nguvu kwenda nyuma haipumziki, hata barabara ikiwa kavu. Mwenye gari anayebana pesa ya tairi mbili amebana na pengine.

Inabaki Honda CR-V ya 2010, ambayo hukuandika lolote juu yake, nadhani kwa sababu haina sura. Injini ya lita 2.4 inatumia mnyororo, si mkanda, kwa hiyo ile hofu ya maili 105,000 haipo. Siku zote magurudumu ya mbele ndiyo yanayovuta. Difu ya nyuma ina pampu mbili za mafuta, moja inazungushwa na magurudumu ya mbele, nyingine na ya nyuma. Zikienda sawa hakuna kinachotokea. Ya mbele yakiteleza, pampu yake inazunguka kasi kuliko mwenzake, shinikizo la mafuta linabana klachi, na ya nyuma yanaanza kusukuma. Haina wepesi wa Subaru, lakini kwa barabara za mjini zinazosafishwa inatosha kabisa. Ukikata kona kali polepole kwenye maegesho na ukasikia nyuma inakoroma, usiogope. Mara nyingi mafuta ya difu yamezeeka na yanahitaji kubadilishwa, ila yawe yale ya Honda yenyewe. Itumie sauti hiyo kushusha bei.

Jambo moja: huko Marekani CR-V nyingi zinavuta mbele tu. Usitegemee tangazo. Chungulia uvunguni uone kama kuna propela shafti, ule mtaimbo unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma.

Na ukiwa hukohuko chini, tulia. Hapa tukipokea magari ya Japani yaliyotoka Hokkaido tunayajua bila kuulizwa, chumvi ya barabarani imeyala tumbo juu yakiwa yanang'aa. Jimbo lako la Minnesota ni hivyohivyo. Kutu ya juujuu ya rangi ya chungwa si neno. Chukua bisibisi, gonga chasisi, hasa nyuma karibu na magurudumu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti ya boksi, na magamba yanaanguka. Fuata paipu za breki kwa macho mpaka nyuma. Zikiwa zimevimba na kumenyeka, hiyo ni gharama, tena ni hatari. Ukikuta rangi nyeusi mpya imepakwa chini kote, ondoka. Hakuna anayepaka uvungu wiki ya kuuza gari kwa sababu ya usafi.

Serikali ya Minnesota haikagui magari ya watu binafsi, kwa hiyo gari bovu linaweza kuwa na karatasi safi. Lipeleke kwa fundi ambaye muuzaji hamjui. Namba ya chasisi yenye herufi na tarakimu 17 iingize kwenye tovuti ya NHTSA, shirika la serikali ya Marekani la usalama barabarani, bure, uone kama lina kasoro iliyoitiwa matengenezo ikapuuzwa. Na kama hati inasema liliwahi kuandikwa hasara na bima, achana nalo hata kwa nusu bei.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika. Gusa boneti, ikiwa ya moto, kuna kitu anaficha. Betri uipime, maana kwenye nyuzi 18 chini ya sifuri hubakiwa na nusu hivi ya nguvu zake, na ninyi mnapita hapo. Theluji ikikufunika ukiwa umeegesha, fukua ekzosi kabla ya kuwasha, moshi usije ukaingia ndani ukiwa umekaa kupata joto.

Huyo wa CR-V mwambie utakwenda Jumamosi saa tatu asubuhi. Hapa itakuwa jioni, bado sijafunga duka. Nipigie kwa video, na kabla hujanionyesha viti na redio, lala chini uingize simu uvunguni.

Mama yako