Shoga, toka kitandani polepole

Shoga yangu Mwanaisha,

Assalaam aleikum. Voisi yako nimeisikia, wallahi roho imeniuma. Yaani kuinua tu mtungi wa lita 20 kutoka kwa mkokoteni na kiuno kikashika hapo hapo, na tangu juzi uko chali unaogopa hata kujigeuza! Pole sana mamangu. Lakini niskize hili kwanza, usizidi kulala. Najua mama amekwambia utulie mpaka kipoe, na anasema kwa mapenzi, ila madaktari washaacha zamani kuwaambia watu hivyo, manake misuli ikilazwa sana inazidi kukaza na kupoteza nguvu, maumivu nayo yanachelewa kuisha. Kupumzika siku moja sawa, mbili ndio mwisho. Na kuuma sana si lazima iwe kuna kitu kimevunjika huko ndani, mara nyingi ni msuli umevutika na ya pembeni inajikaza kuulinda, ndio maana huwezi kusimama wima.

Ukitaka kuamka usijiinue moja kwa moja. Lala ubavu, kunja magoti, shusha miguu chini halafu jisukume na mikono. Na kabla hujaamka, hapo hapo kwa godoro, lala chali ukunje magoti nyayo zikanyage, kisha yaache magoti yote mawili yaangukie kulia taratiibu, uyarudishe, yaende kushoto, usiyalazimishe, yafike pale yanapofika tu, na usizuie pumzi. Ukizoea, vuta goti moja kifuani kwa mikono, pumua hapo kidogo, uliachie, ulivute la pili. Mara chache tu, asubuhi mchana na usiku. Kuuma kidogo kutakuwepo usiogope, ila zoezi likifanya maumivu yateremke mguuni mpaka chini ya goti, hilo liache.

Halafu tembea. Leo chumbani mpaka barazani, kesho mpaka dukani, jua likishuka twende Mama Ngina kando ya bahari tutembee pale penye sakafu iliyonyooka. Tuktuk na hayo mashimo ya barabara ngoja kwanza. Kukaa kitako muda mrefu pia kunakaza, na mbuzi wa nazi ndio usiukaribie kabisa, kile kikao cha chini umejikunja mbele unakuna ni adui wa kiuno, nunua nazi ilokunwa huko Marikiti au waachie watoto. Swala swali kwa kiti, mgonjwa ana ruhusa, usijitese na rukuu na sijda.

Kukanda kunasaidia, taulo ya maji moto ukaikamua vizuri (jaribu na mkono kwanza isikuunguze) robo saa hivi. Ila usikubali mtu akukanyage mgongo ati aurudishe. Dawa, panadol peke yake kwa mgongo haifanyi kitu kikubwa. Ibuprofen inasaidia watu wengi lakini wewe na vidonda vyako vya tumbo usiinywe hivi hivi, muulize kwanza mtu wa famasi umwambie na presha yako. Eksirei usikimbilie, wengi hupata nafuu ndani ya wiki chache bila hiyo.

Sasa hapa usinichukulie mzaha. Ukisikia ganzi huko sehemu za siri na makalioni, au mkojo unakataa kutoka, au unatoka wewe hujui, au choo, au miguu inaishiwa nguvu, hiyo si ya kungoja asubuhi, usiku wa manane huo huo upelekwe hospitali ya Coast General. Na ukipata homa pamoja na huo mgongo nenda hospitali siku hiyo hiyo.

Jumamosi nakuja inshallah na mahamri na mbaazi. Usiku huu nitumie voisi uniambie magoti yamefika wapi.

Wako,
Shoga yako wa Majengo