Barua kwa mwanangu aliyeko Tabora: usifute kitu kwanza

Kigoma

Mwanangu,

Juzi uliponiambia kwenye simu kwamba unataka kuzitoa kadi zako zote za maswali na majibu, za dawa na mifupa, kwenye Anki, ile programu ya simu inayokupangia siku ya kurudia kila kadi, uzihamishie programu nyingine kabla ya mitihani, nilinyamaza ukadhani mtandao umekata. Nilikuwa nakumbuka yaliyonipata mimi.

Unajua Kifaransa changu nilikipata neno kwa neno, kwenye simu, nikisubiri boti bandarini, maana karatasi za mizigo ya Bujumbura na Kalemie ndivyo zinavyokuja. Miaka mitatu, kadi 1,400. Halafu rafiki akanisifia programu nyingine. Nikazitoa kadi kwa faili la maandishi matupu, nikaziingiza huko, ile ya zamani nikaifuta. Maswali yalifika yote, na majibu yote. Tarehe za kurudia kila kadi hazikufika. Neno nililolijua tangu mwaka wa kwanza, ambalo zamu yake ilikuwa bado miezi saba, likahesabiwa jipya sawa na nililoliandika jana yake. Kwa hasira nikapitia kadi 300 usiku mmoja. Kesho yake zikanirudia zote, na mpya juu yake. Wiki ya pili nikaacha hata kuifungua. Baadaye nikashika hati ya shehena, macho yakagota kwenye neno colis, vifurushi tu, ikabidi niulize. Niliumia sana.

Kadi utaziandika upya hata kwa wiki mbili. Kumbukumbu ya lini ulijibu na lini ulikosa huwezi kuiandika upya, na humo ndimo ilimo kazi yako yote. Kanuni ya kupanga siku za marudio aliyoitoa Piotr Woźniak wa Poland mwaka 1987, ambayo Anki yako iliiga kwa miaka mingi, huanza na siku 1, halafu 6, kisha huzidisha kwa 2.5 hivi: siku 15, siku 38, inaendelea kurefuka. Ukikosa, unarudi siku ya 1. Mwishoni mwa 2023 Anki ikaongezewa kanuni mpya, FSRS, inayosoma historia ya majibu yako ili ikadirie lini utasahau. Ukifika kwingine bila historia hiyo, utapangiwa ratiba kama mgeni yeyote. Na kama ni kanuni hiyo unayoitafuta, iwashe hapo hapo ulipo, huna haja ya kuhama.

Ukiona lazima uhame, hifadhi kwanza nakala kamili, ile yenye ratiba ndani yake, uiweke nje ya simu. Jaribu na kadi 20 uone kama tarehe zinavuka. Zisipovuka, za zamani ziache ziendelee na marudio yake kule kule mpaka umalize mitihani, na mada mpya ndizo uziandike kwenye programu mpya. Utafungua mbili kila asubuhi, sawa, lakini hutazikwa na kadi 200 unazozijua tayari.

Tena jambo moja, nilikuona likizo ya Desemba: ukisahau jibu unabonyeza "ngumu". Mwanangu, hicho ni kitufe cha aliyekumbuka kwa taabu. Ukisahau, kubali umesahau, la sivyo programu itakupeleka mbali na dawa usiyoijua.

Mama yako amekufungia dagaa, watakuja na treni. Nipigie kabla hujafuta chochote.

Baba yako