Tunapeleka mahari Njombe mwezi wa saba, na nguo za baridi hatuna: nianze na nini?

Mhariri na wasomaji wenzangu, salaam. Wakubwa wangu, shikamooni.

Mdogo wangu wa kiume amepata mchumba Njombe, na katikati ya Julai tunakwenda kutoa mahari. Tutalala huko siku tatu, kisha tunarudi. Tunaokwenda ni watano: mama yetu mzazi, ambaye ameshavuka miaka sabini, kaka yetu mkubwa, huyo mdogo wangu mwenyewe, mimi, na mwanangu wa miaka sita ambaye sina wa kumwachia. Sote ni watu wa Dar es Salaam, na nguo nzito zilizopo nyumbani kwetu ni sweta la shule la mtoto na jaketi ambalo kaka huvaa akiwa kwenye pikipiki.

Nauli na mahari vimekula karibu kila kitu. Katika barua ya wakwe wameandika, pamoja na mengine, blanketi la bibi na koti la babu, na hivyo tumeshavinunua, tena vizuri, maana ni heshima yao. Kwa ajili yetu sisi imebaki laki moja na nusu. Haiongezeki.

Kaka anasema nisipoteze hela kwa nguo ambazo tukirudi huku hakuna atakayezigusa. Kwake yeye siku tatu si kitu: tutavaa nguo mbilimbili, na usiku tutaomba jiko la mkaa chumbani. Namheshimu kaka yangu, ila kwa hili la jiko nimemkatalia mbele ya mama, na nitaendelea kumkatalia. Mkaa ukishakolea hautoi moshi, lakini unaendelea kutoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na kwenye chumba kilichofungwa madirisha watu hulala wasiamke. Zaidi ya hayo mwanangu ana pumu. Hewa ya baridi peke yake inatosha kumbana kifua, sembuse na mkaa. Dawa yake ya kuvuta nitakuwa nayo kwenye mkoba wangu wa mkononi, haitawekwa kwenye begi la chini ya basi.

Sasa niseme kinachoninyima usingizi. Njombe mjini ni karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya nyuzi 10. Baridi yenyewe itatupokea njiani, basi likishapanda Kitonga, na kuanzia Mafinga kwenda Makambako tutakuwa gizani, upepo ukiingia kwenye kila dirisha lisilofungika. Ni safari ya kilomita 700 hivi, kutwa nzima mtu amekaa kitako. Mama ana kisukari na miguu yake imeanza kufa ganzi. Yeye ndiye ninayemhofia kuliko wote.

Nilikwenda Karume kuangalia mitumba kabla ya kununua. Nilishika sweta moja zuri la rangi ya maziwa, nene kwa macho, bei elfu kumi na mbili. Nilipoliinua juu kuelekea jua nikaona mwanga unapita katikati ya nyuzi kama kwenye chekeche, na nilipovuta mkono wake ukabaki umelegea, haukurudi. Pembeni yake kulikuwa na jembamba la kijivu, la elfu nane, limefumwa kwa kubana, na lebo ya ndani inasema ni sufu tupu. Muuzaji mwenyewe, kijana mwenye adabu, aliniambia, "Mama, chukua hilo la kijivu, hilo zuri ni la picha." Sikununua siku ile, nilitaka kwanza nijue mpango mzima. Lakini nilijifunza kwamba unene wa kuona si joto.

Nilichopanga mpaka sasa ni hiki. Mwilini kabisa, taiti na fulana ya mikono mirefu inayobana, isiwe ya pamba, kwa sababu pamba ikishika jasho inakaa na unyevu na kukupoza. Juu yake sweta la sufu, kwa kuwa sufu hata ikipata unyevu kidogo bado inatunza joto. Kisha kitu cha kuzuia upepo, hata kama ni jaketi jepesi la mvua, mradi zipu inafunga mpaka shingoni. Jaketi la pikipiki la kaka linafaa hapo bila kuongeza senti. Kofia ya mzula kwa kila mtu haina mjadala, ni bei ndogo. Mimi na mama tutavaa vitenge vyetu vya sare siku ya shughuli, taiti na sweta vikiwa ndani. Mshonaji ameahidi kuachia nafasi mabegani na kwenye mikono, na hilo nawaomba wanawake wenzangu mnaokwenda shughuli za huko mlikumbuke kabla kitambaa hakijakatwa.

Nakwama kwenye mambo matatu, na hapa ndipo naomba msaada wenu, hasa nyinyi wa Njombe, Makete na Mufindi mnaoishi na baridi hiyo kila mwaka.

Kwanza, miguu ya mama. Viatu vyake vya kufunika ni jozi moja, na vinamtosha sawasawa. Nikimvisha soksi mbili vitambana, na mguu uliobanwa damu haipiti vizuri, unazidi kupoa. Je, nimnunulie raba za mtumba zilizozidi namba moja, avae na soksi moja nene ya sufu? Au kuna kiatu ambacho wazee wa huko huvaa wakati wa kipupwe, kisichomkwaruza? Kidonda mguuni kwa mwenye kisukari ni balaa.

Pili, usiku. Kuna walioniambia nijaze maji ya moto kwenye chupa, niiweke miguuni mwake kitandani. Kwa mtu mwenye ganzi naogopa, anaweza kuungua asisikie. Nimefikiria kupasha kitanda kwa chupa hiyo kisha niitoe kabla hajalala. Mnaomlaza mzee kwenye baridi hiyo mnafanyaje? Na gesti za kawaida za Njombe huwa na mablanketi ya kutosha, au tubebe ya kwetu?

Tatu, hela yenyewe. Nimeigawa hivi kichwani: elfu sitini kwa mama, elfu arobaini kwa mtoto, na hamsini inayobaki tugawane sisi watu wazima watatu. Kaka anaona nimempendelea mama. Je, nisubiri ninunue sweta hukohuko Njombe au Makambako, ambako wauzaji wanajua baridi ni nini, au kipindi hicho bei hupanda? Basi linafika usiku, kwa hiyo hata nikingojea soko la huko, mama na mtoto lazima wawe wamevaa tangu Dar.

Naomba majibu mapema, nataka kurudi Karume kabla Juni haijaisha.

Wenu,
Mama wa Tandika, Dar es Salaam