Mazoezi ya wanamuziki nayo ni kazi, yalipwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nilieleze jambo linalowagusa watu wengi wa mji wetu wa Unguja, ingawa mara nyingi huzungumzwa barazani kwa utani na likaachwa hapohapo. Wenye hoteli na waandaaji wa hafla wanapowaita wapiga taarab, hulipia saa zile tu ambazo wageni wamekaa mezani. Kazi iliyotangulia saa hizo haihesabiwi, na gharama yake hubebwa na marafiki wanaopiga pamoja. Mimi mchana nashinda ofisini na vitabu vya hesabu, na baada ya sala ya isha nashika fidla katika kikundi. Kwa hiyo nalisema hili nikiwa na desturi ya kuuliza kila shilingi imetoka wapi.

Wasioingia chumba cha mazoezi hudhani kwamba wapigaji hukutana, wakakaa, wakapiga. Hebu waje wamtazame mpiga ganuni wetu. Ala ile ina nyuzi zaidi ya 70, nyingi zikiwa zimepangwa tatutatu kwa kila sauti, na kila uzi una kigingi chake kinachokazwa kwa ufunguo mdogo. Wakati wa masika, hewa inapojaa unyevu, mbao hubadilika na nyuzi zikapotea sauti, naye huinamisha kichwa akazisikiliza mmoja baada ya mwengine, huku sisi tukinyamaza kimya, kwa sababu mtu akikohoa tu hulazimika kurudia uzi ule ule. Uzi ukikatika si rahisi kuupata madukani kwetu; husubiriwa jamaa anayerudi kutoka Dubai au Maskati, au huombwa kwa kikundi kingine ambacho nacho kina shida hiyohiyo. Hapo hakuna hata wimbo mmoja uliokwisha kupigwa.

Wimbo mpya nao una safari yake. Huja kama shairi kwenye karatasi, mara nyingi limekunjwa mfukoni mwa mtu aliyeliandika kazini kwake. Mtunzi wa muziki hulitafutia maqamu, yaani mpangilio wa sauti wa muziki wa Kiarabu, yanayolingana na maneno, fidla zikajifunza kuitikia kwa pamoja, chelo na besi zikapewa njia yao, na mwimbaji akajua wapi avute neno na wapi alikate ili waitikiaji waingie. Haya yote hufanywa na fundi seremala, mwalimu wa skuli, mshona nguo na kijana wa mapokezi hotelini, ambao kila mmoja amekwisha kutoka jasho kwengine kutwa nzima. Siku hizi limezidi moja: vijana wengi wamepata kazi kwenye mahoteli ya kaskazini na mashariki, wanafanya kazi kwa zamu, na mpangilio wa zamu hubadilika ghafla. Wakati wa magharibi simu huanza kulia, huyu hawezi kuja, yule amebakishwa kazini, na mpiga dumbak, ile ngoma ndogo inayoshika mdundo, akikosekana mazoezi yote huwa ya kubabaisha.

Ndipo unapofika usiku wenyewe wa kulipwa. Nungwi ni kiasi cha kilomita 60 kutoka mjini. Kikundi hutakiwa kufika mapema, kabla jua halijazama, kisha huambiwa kisubiri karibu na jiko mpaka wageni wateremke. Tumepata kuambiwa tupunguze sauti ili watu wazungumze, na tumepata kuambiwa wimbo usizidi dakika tano. Anayeijua taarab ataelewa maana ya amri hiyo, kwani kuna nyimbo ambazo katika dakika tano utangulizi wa ala ndiyo kwanza unamalizika na mwimbaji hajafungua kinywa. Baada ya hapo vyombo hufungwa, daladala za kurudi mjini zimekwisha kitambo, na nauli ya gari la kukodi hukatwa katika malipo yaleyale. Kinachobaki kikigawanywa kwa watu kumi na ushei, kila mmoja hupata fedha ya kununulia mboga ya siku moja. Siitaji hoteli yoyote kwa jina, maana sijaona iliyo mbaya peke yake. Huo ndio umekuwa mwendo wa wote, na wengi wanaoufuata hawana nia mbaya.

Najua jibu litakalotolewa, kwa kuwa nimelisikia mara nyingi. Huambiwa kwamba wapigaji wa taarab hufanya kwa mapenzi, na kwamba zamani hakuna aliyedai malipo. Nusu ya kwanza ni kweli tupu. Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa mwaka 1905 ilikuwa jumuiya ya watu waliopenda muziki na kupenda kukaa pamoja, na Culture Musical Club iliyoanza mwaka 1958 imeendelea mpaka leo kwa watu wanaotoka makazini mwao na kwenda kupiga. Lakini nusu ya pili haisimami. Taarab iliyopigwa katika kasri la Sayyid Barghash, aliyekuwa Sultani wa Zanzibar, ilikuwa ya wapigaji waliotunzwa na mwenye kasri. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba na aliyekuwa akitembeza vyungu kuuza kabla ya kuwa mwimbaji, alikwenda Bombay mwaka 1928 na wenzake kurekodi sahani za santuri ambazo kampuni iliziuza kwa biashara, na watu wa pwani nzima wakazinunua. Fedha na muziki vinajuana Zanzibar tangu kabla hoteli ya kwanza ya ufukweni haijajengwa.

Tena hata harusini, ambako ndiko nyumbani kwa taarab, hakuna anayesikiliza bure. Mwenye shughuli hukubaliana na kikundi, na ukumbini kina mama huinuka mmojammoja, wakaenda mbele polepole kwa mdundo, noti imeshikwa juu kila mtu aione, wakamtunza mwimbaji kwa ubeti uliowagusa (au uliomlenga jirani, Mungu atusamehe). Mgeni wa hotelini hajui kutunza, wala simlaumu kwa hilo. Mwenye hoteli ndiye anayejua, na ndiye aliyeweka picha ya mpiga udi kwenye tangazo lake, akijua kuwa Mji Mkongwe ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000 hauuzwi kwa milango na kuta tu.

Kuna hoja nyengine ambayo naiheshimu zaidi, nayo hutoka ndani ya vikundi vyetu. Wazee husema kwamba tukianza kuhesabu kila jioni kwa shilingi, urafiki utaondoka na kikundi kitakuwa duka. Hofu hiyo nami ninayo. Kikundi chetu kikifiwa na mtu, tunakwenda maziarani pamoja. Mwenzetu akiozesha mtoto, tunapiga usiku kucha na hakuna anayeuliza bahasha. Sikukuu ya Idi tunapiga kwa furaha yetu na ya mtaa. Nisingependa hata moja katika haya liguswe. Ninachokataa ni urafiki huu kugeuzwa kuwa ruzuku ya biashara ya mtu mwengine, kwa sababu fundi seremala akiacha meza ya mteja ili awahi mazoezi ya onyesho la hoteli, yeye ndiye aliyemchangia mwenye hoteli, wala hakuombwa.

Jambo hili linawabana vijana kuliko sisi wenye ajira nyengine. Tangu kilipofunguliwa chuo cha muziki mwaka 2002, ambacho wengi tunakikumbuka katika jengo la zamani la Forodha, wametoka vijana wanaosoma nota na kupiga kwa ufundi ambao umri wangu haukuupata, na miongoni mwao wamo wasichana wanaopiga fidla, ganuni na udi. Wengi wao wanataka muziki uwe ndiyo kazi yao. Msichana aliyesomea ala yake kwa miaka, kisha akaachwa barabarani saa tano ya usiku na ala begani bila ya gari, wazazi wake watamkataza kwenda mara ya pili, na sitathubutu kuwabishia. Tunalo Baraza la Sanaa na tuna ofisi ya hakimiliki, na kazi zao zina umuhimu wake, ila hakimiliki hulinda wimbo uliokwisha kutungwa, na mimi nazungumzia mikono inayoupiga. Zanzibar ina Sheria ya Ajira ya mwaka 2005. Wataalamu wa sheria wangetusaidia sana kama wangetueleza, kupitia gazeti hili, ni vipi inamhusu mtu anayeitwa kwa usiku mmoja na kuachwa bila ya karatasi yoyote.

Wakati tunasubiri maelezo hayo, sisi hatutakaa mikono mifukoni. Katika kikundi chetu tumekubaliana kwamba kwa msimu wa wageni unaoanza Juni tutakuwa na karatasi moja ya makubaliano, nayo itataja malipo ya mazoezi mbali na malipo ya onyesho, usafiri wa kwenda na wa kurudi hadi mlangoni kwa kila mpigaji, chakula cha jioni mezani, na angalau nyimbo mbili zitakazopigwa kamili bila ya kukatwa. Bei ya onyesho lenyewe tumeiacha ilivyokuwa mwaka jana. Tayari mwenye nyumba moja ya wageni ameisoma na kuikubali, baada ya kutuomba tuondoe neno "mlangoni" kwa wanaokaa vichochoroni ambamo gari haliingii, na tumeliondoa. Vikundi vyengine vinavyotaka kuitumia karatasi hiyo au kuirekebisha vitapewa nakala bila ya malipo.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mpiga fidla,
Mlandege, Unguja